Huko Jua Halishiki Saa

Sisi tusemao Kiswahili twahesabu saa tangu macheo. Jua likitoka twasema ni saa kumi na mbili ya asubuhi. Likisha kupanda kidogo juu ya migomba, ni saa moja. Likisimama utosini, ni saa sita. Likizama, ni saa kumi na mbili tena, na hesabu ya usiku yaanza. Mzee asiyejua kusoma hata herufi moja aweza kunyosha mkono wake kuelekea mbingu na kukuambia, "Utanikuta jua likiwa pale," nawe utamkuta kweli. Kwetu Bukavu tofauti kati ya mchana ulio mrefu kupita yote na mchana ulio mfupi kupita yote katika mwaka haitimizi dakika 20. Mtu aweza kuishi miaka themanini asiigundue. Kwa sababu hiyo hatukuwaza kamwe ya kuwa saa zetu ni zawadi ya mahali tulipozaliwa. Tulizidhani ni za dunia nzima.

Mwezi wa Agosti 2016 tulipata nafasi ya kuendelea na masomo ya ualimu katika mji wa Uppsala, nchi ya Uswidi, tukakaa huko miaka miwili. Wengi wakisikia habari hiyo hutuuliza kwanza juu ya baridi. Baridi ipo, nasi tutaieleza mahali pake. Lakini baridi huzuiliwa kwa koti, na koti hununuliwa dukani. Jambo lililotutaabisha zaidi, na ambalo lilikaribia kumvunja moyo kabisa rafiki yetu mmoja, halizuiliwi kwa nguo yo yote. Jambo hilo ni mwanga.

Uppsala iko kilomita 70 hivi kaskazini ya Stockholm, mji mkuu. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1477, nacho ni cha kale kupita vyote katika nchi zile za Kaskazini. Mto mdogo uitwao Fyris wapita katikati ya mji, na juu ya kilima imesimama ngome nyekundu ya wafalme wa zamani. Tulipofika mwishoni mwa Agosti hatukuona la ajabu. Jua lilizama baada ya saa mbili ya usiku, nasi tukafurahi kama watoto walioruhusiwa kucheza mpaka usiku. Matofaa yalikuwa yakianguka bustanini. Siku za Jumapili jamaa nzima, baba na mama na watoto, walikwenda porini wakiwa na vikapu kutafuta uyoga na matunda madogo ya buluu. Tuliuliza msitu ule ni wa nani. Wakatujibu ni wa fulani, lakini kila mtu ana ruhusa ya kupita na kuchuma, mradi asiharibu kitu wala asikaribie mno nyumba ya mwenyewe. Desturi hiyo ni ya kale sana, na tangu 1994 imeandikwa hata katika katiba ya nchi. Sisi tuliotoka nchi ambayo watu hupigana kwa sababu ya hatua tatu za shamba, tuliistaajabia kuliko ngome ya mfalme.

Huko majira hayaji kwa tarehe. Sisi kwetu twajua ya kuwa mvua hurudi mwezi wa Septemba, shule zikifunguliwa, na ya kuwa kiangazi hukausha njia mwezi wa Juni. Ikichelewa wiki mbili twanung'unika, kisha mambo hurudi kama kawaida. Waswidi wanayo majira manne, na mabingwa wao wa hali ya hewa huyatangaza kwa kipimo. Joto la siku likiwa, kwa wastani, sifuri au chini yake kwa siku tano mfululizo, ndipo husema, "Majira ya baridi yamefika." Likipita sifuri siku saba mfululizo, ni majira ya kuchipua. Likifika digrii 10 kwa siku tano, ni majira ya joto. Likishuka tena chini ya 10 siku tano, majani yaanza kupukutika. Basi yaweza kutokea ya kuwa mimea imekwisha kuamka kusini ya nchi mwezi wa Februari au Machi, na huko kaskazini kabisa, Kiruna, watu wangali wanateleza juu ya theluji mwezi wa Aprili. Nao Wasami, wachunga kulungu wa kaskazini, hawatosheki na majira manne: wao huhesabu manane, kwa kufuata maisha ya wanyama wao.

Hapa mwalimu aruhusiwe kutoka njiani kidogo. Kile kipimo cha joto ambacho wanafunzi wetu huchora daftarini, chenye sifuri penye barafu na mia penye maji yachemkayo, kilizaliwa katika mji huo huo wa Uppsala. Anders Celsius alikitoa mwaka 1742. Lakini yeye aliweka mambo kinyume: maji yachemkayo aliyapa 0, na barafu akaipa 100! Wengine wakakigeuza baadaye. Nyumba yake ingali imesimama barabarani, nayo imekaa upande, haifuati mstari wa nyumba nyingine. Kila tulipopita tuliitazama kwa heshima na kucheka kidogo.

Mbona basi jua ligeuke namna ile? Twaa chungwa, ulichome kijiti katikati, kisha ulizungushe kuzunguka taa huku kijiti kimeinama kidogo upande mmoja sikuzote. Dunia yetu imeinama hivyo, kadiri ya digrii 23 na nusu. Kiuno cha chungwa, ndiyo ikweta, chapata mwanga ulio sawa karibu kila wakati, na Bukavu iko karibu na kiuno hicho, haifiki hata digrii 3 kusini. Kichwa cha chungwa mara huinamia taa, mara huikimbia, na Uppsala iko karibu na digrii 60 kaskazini. Wala isidhaniwe ya kuwa wakati wa baridi dunia iko mbali na jua. Mwezi wa Januari ndipo inapolikaribia zaidi, kilomita milioni 147 hivi. Mwezi wa Julai ni milioni 152. Si umbali uletao baridi, ni kule kuinama.

Hayo tuliyajua kitabuni. Tuliyafundisha hata darasani, na tukatoa maksi. Kuyaishi ni jambo jingine.

Mwezi wa Septemba miti iligeuka rangi. Kwetu mti huacha jani moja leo na jingine kesho, na hakuna atakayeangalia. Huko msitu mzima huwaka kwa wakati mmoja, manjano na nyekundu na rangi ya shaba, na baada ya pepo mbili tatu ni vijiti vitupu. Wakati huo huo mchana ulikuwa ukiibiwa. Dakika tano au sita kila siku: si kitu. Lakini kwa wiki moja ni zaidi ya nusu saa, na kwa mwezi ni karibu saa tatu. Tulizoea kutoka darasani na kupita darajani jua likiwa usoni mwetu. Wiki mbili baadaye, saa ile ile, daraja lile lile, taa za barabarani zimewashwa. Kisha ikafika Jumapili ya mwisho wa Oktoba, ambapo serikali huamuru saa zote zirudishwe nyuma saa moja. Siku iliyofuata jioni ilituangukia kama mfuniko wa sanduku.

Saa zetu za Kiswahili zikaharibika. Mwezi wa Desemba jua hutoka Uppsala saa tatu kasoro dakika chache za asubuhi, huenda likiambaa juu ya mapaa kama mtu anayeogopa kuonekana, nalo huzama yapata saa tisa kasoro robo. Mchana mzima ni saa sita tu, au chini yake kidogo. Na hiyo ni siku isiyo na mawingu, nazo si nyingi. Siku moja tuliongea na mama yetu kwa simu. Wakati wa baridi Bukavu hutangulia Uppsala kwa saa moja. Akasema, "Hapa ni saa kumi, nimetoka sokoni. Kwenu je?" Tukamjibu ya kuwa kwetu ni saa tisa, na jua limekwisha kuzama. Akanyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kwamba tunamficha ugonjwa: "Limezama saa tisa? Umeliona mwenyewe?" Tukasema ndiyo. "Basi, baba, maliza upesi masomo hayo urudi. Jua lisilofanya kazi kutwa nzima, litaivisha nini?"

Kabla ya giza kamili iko siku moja tusiyoweza kuiacha. Jumamosi ya kwanza ya Novemba, au karibu nayo, Waswidi huadhimisha Watakatifu Wote. Nchi ile ilishika dini ya Kiluteri tangu karne ya 16, na wengi siku hizi hawaendi kanisani ila kwa arusi na maziko. Lakini siku hiyo wote huenda makaburini. Tulifuata watu mpaka makaburi ya kale ya Uppsala saa kumi na moja, giza tupu, na mara tukaona chini ya miti maelfu ya mishumaa, kila kaburi na mshumaa wake ndani ya kitungi cha kioo, na watu wakitembea polepole bila kupaza sauti. Katika makaburi hayo amelala mtu ambaye kila Mkongo aliyesoma historia amesikia jina lake: Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekufa usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola alipokuwa akienda kutafuta amani juu ya mambo ya Katanga. Alilelewa katika mji huo, ndani ya ngome ile nyekundu, kwa kuwa baba yake alikuwa gavana wa jimbo. Tulimkuta amelala katika kaburi la jamaa yake. Palikuwa na mishumaa kadhaa. Tukaongeza wetu. Mzee mmoja aliyesimama karibu alitutazama, akauliza tumetoka wapi; tuliposema Kongo, alivua kofia yake, asiseme neno.

Siku nne baadaye, Novemba 9, theluji ilianguka. Huko Stockholm ilifika kina cha sentimeta 39, kadiri isiyoonekana katika mwezi wa Novemba kwa zaidi ya miaka 100, magari yakakwama na watu wakaenda kazini kwa miguu. Hata Uppsala ikawa nyeupe. Wakaaji wa Goma huweza kuona weupe mara chache juu ya kilele cha Karisimbi, na jina lenyewe la mlima lahusiana na weupe huo. Sisi tuliiona theluji kwa mara ya kwanza katika picha ya Ruwenzori ukutani mwa shule. Sasa ilikuwa juu ya kiatu chetu. Jambo ambalo picha haisemi ni ule ukimya. Theluji ikianguka mji hunyamaza kama mtoto aliyefunikwa blanketi. Na jambo la pili: theluji yaangaza. Usiku wake si usiku mweusi, maana mwanga wa taa moja hurudishwa na ardhi yote. Tulidhani giza limekwisha. Lakini baada ya siku chache ikayeyuka, pakabaki matope, na ardhi nyeusi, na mawingu yaliyoshuka mpaka mapaani.

Juu ya baridi yenyewe tutasema machache. Tuliipima mpaka digrii 18 chini ya sifuri. Pua hukauka na vinyweleo vyake husimama kama sindano. Ndevu hufanya barafu. Funguo huuma vidole. Njiani humwagwa vijiwe vidogo watu wasianguke, na hata hivyo mgeni hutembea kama bata kwa mwezi mzima. Ndani ya nyumba ni joto kuliko Bukavu usiku. Kwa kweli tulisikia baridi zaidi tulipokuwa seminarini, tukiogea maji ya ziwa alfajiri ya Julai.

Katika nyumba yetu ya wanafunzi, iliyokuwa na vyumba vingi na jiko moja, alikaa ndugu mmoja kutoka Burundi aliyesomea kilimo. Mtu mcheshi, mwenye kuamka mapema, aliyetupikia maharage kwa namna ya kwao na kutuita Mwalimu. Karibu na mwisho wa Novemba hakuonekana tena jikoni. Tulipogonga, alifungua kidogo tu. Pazia limefungwa, kitanda hakijatandikwa, mkate mkavu mezani. Alilala saa kumi na mbili na kuamka amechoka. Akatuambia, "Mwalimu, nikiamka ni usiku, nikitoka darasani ni usiku. Siku zangu zinakwenda wapi?" Na juu ya meza tuliona barua aliyokuwa ameianza, ya kuiachia nafasi yake ya masomo na kurudi nyumbani. Jamaa yake ilikuwa imeuza ng'ombe wawili kwa ajili ya safari yake. Alilijua hilo kuliko sisi, na ndilo lililomfanya aandike usiku na kuichana asubuhi.

Tulidhani ni kiu ya nyumbani. Tulimsomea barua za kwetu, tukampigia nyimbo. Akatabasamu kwa adabu. Aliyeelewa ni msichana mmoja wa nchi ile, jirani yetu wa tatu, mwenyeji wa Kiruna, ambako jua halitoki hata kidogo kwa wiki tatu hivi mwezi wa Desemba. Hakuuliza habari za moyo wala za ng'ombe. Aliuliza swali moja: "Hutoka nje saa sita za mchana?" Hatoki, tulisema, wakati huo huwa maktabani au kitandani. "Basi atoke kila siku, hata kuna mawingu, hata dakika thelathini. Na aende kwa muuguzi."

Muuguzi alieleza mambo ambayo kitabu chetu cha jiografia hakikuwa nayo. Mwili wa mtu una saa yake ndani, na saa hiyo hutengenezwa kila asubuhi kwa mwanga uingiao machoni. Mwanga ukikosekana, saa ya mwili huchelewa, na kwa watu wengine moyo nao huanguka, wakalala mno na kukosa nguvu na furaha. Majira ya kuchipua yakija, hupona. Hali hiyo ilielezwa na daktari Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984, naye Rosenthal ni mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyehamia Marekani na kuyaona hayo kwanza katika nafsi yake. Muuguzi akasema pia ya kuwa ngozi nyeusi, iliyoumbwa kuhimili jua kali, yahitaji mwanga mwingi zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, na huko wakati wa baridi jua halina nguvu ya kutosha hata kwa Waswidi wenyewe. Akampa dawa yake. Akamwazima taa kubwa nyeupe ya kukaa mbele yake asubuhi kwa nusu saa.

Tukaanza kutembea naye. Kila siku saa sita, kandokando ya mto Fyris, kwenda na kurudi. Ziko siku alizokataa kufungua mlango, nasi tukaketi chini nje ya mlango ule tukisahihisha mazoezi yetu mpaka saa nane, kisha tukaondoka. Ziko siku alitembea bila kusema lo lote. Hatutaki msomaji adhani ya kuwa taa na vidonge vilimponya kwa wiki moja.

Desemba 13 tulimvuta aende nasi kumwona Lusia. Mtakatifu Lusia, bikira na shahidi wa Sirakusa katika Sisilia, ana siku kuu katika nchi hiyo ya Kiluteri kuliko tulivyopata kuona katika parokia yo yote ya kwetu. Zamani, kabla Uswidi haijabadili kalenda mwaka 1753, watu walisema usiku wake ndio mrefu kupita yote. Asubuhi na mapema, gizani, taa zote za ukumbi zikazimwa. Tukasikia uimbaji toka mbali. Kisha wakaingia wasichana waliovaa kanzu nyeupe, wa kwanza akiwa na taji ya mishumaa iwakayo kichwani, na nyuma yao wavulana wenye kofia ndefu zenye nyota. Walipita katikati yetu polepole wakiimba. Nyuso za wazee zilizokuwa karibu nasi zilikuwa zimelowa machozi. Baadaye tukapewa kahawa na mikate midogo ya manjano iliyotiwa zafarani.

Wakati wa kurudi, ndugu yetu alisimama barabarani akatazama madirisha. Katika mwezi huo kila dirisha la Uppsala, la tajiri na la maskini, huwa na nyota ya karatasi yenye taa ndani, au kinara cha taa saba, na pazia huachwa wazi ili mpita njia aone. Tulikuwa tumevipita kila siku tukidhani ni mapambo ya Noeli. Akasema, "Mwalimu, kumbe na wenyeji wanaliogopa giza." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema. Kwa muda wa wiki tatu alikuwa amedhani ni yeye peke yake aliye dhaifu katika nchi ya watu wenye nguvu. Jioni ile alikuja jikoni, akaloweka maharage. Barua hakuituma, aliiweka chini ya godoro, na ikakaa huko mpaka Februari.

Mwanga hurudi kabla ya joto. Hilo nalo hatukulitazamia. Mwezi wa Februari na Machi theluji ingaliko, baridi ni ile ile, lakini kila siku huongezwa zile dakika tano zilizoibwa, na Waswidi hutoka nje saa ya chakula wakasimama wameegemea kuta zilizoelekea kusini, macho wamefumba, nyuso juu, kama mijusi juu ya jiwe. Mwanzoni tulicheka. Siku ya tatu tulikuwa tumeegemea ukuta nasi. Mwezi wa Aprili vikatokea vijiua vya buluu chini ya majani makavu, na siku ya 30 mji wote ukawa kama arusi: asubuhi wanafunzi hushuka mtoni kwa vyelezo vya namna za kuchekesha, wengi wakapinduka katika maji ya barafu, saa tisa alasiri maelfu husimama mbele ya maktaba kuu, na mkuu wa chuo akitokea roshanini na kuipunga kofia yake nyeupe, wote huvaa kofia zao nyeupe kwa wakati mmoja wakipiga kelele. Usiku huwasha mioto mikubwa. Siku hiyo theluji ilianguka kidogo, na hakuna aliyeijali.

Kisha ikaja shida ya upande wa pili. Mwezi wa Juni jua hutoka saa tisa na nusu ya usiku, nalo huzama baada ya saa nne ya usiku. Na hata likizama, mbingu hubaki nyeupe upande wa kaskazini, na gazeti lasomeka bila taa. Ndege huimba usiku wa manane. Tulitundika blanketi dirishani tupate kulala. Ndugu yetu wa Burundi alikuwa wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi, shamba la majaribio la chuo likamjua kama mwenyewe. "Hili jua lalipa deni," alisema. Mimea nayo hukimbia: shayiri, njegere na viazi hupata katika wiki chache mwanga ambao kwetu hugawanywa mwaka mzima, na mkulima hana nafasi ya kuchelewa hata juma moja. Linnaeus, yule mwalimu mkuu wa mimea aliyefundisha Uppsala katika karne ya 18, aliandika habari ya saa ya maua, yaani kujua saa kwa kuangalia ua gani limefunguka na lipi limejifunga. Tulipokuwa tukizunguka bustani yake tuliona ya kuwa katika nchi kama hiyo mtu hana budi kutafuta saa mahali pengine, si angani.

Majira ya baridi ya pili hayakutukuta uchi. Oktoba tulikwisha kuweka nyota dirishani, mapema mno, na jirani zetu wakatucheka.

Mwaka 2018 tulimaliza masomo mwezi wa Juni, sisi na ndugu yetu, tukabaki kufanya kazi katika bustani za mji mpaka Agosti ili tupate pesa za vitabu. Mwaka huo mbingu ya Uswidi ilifungwa. Mei lilikuwa na joto lisilopata kupimwa katika mwezi huo, Juni na Julai zikapita karibu bila mvua. Nyasi zilizokuwa kijani kibichi zikawa rangi ya simba. Misitu ikashika moto mahali pengi, hekta 25,000 hivi zikateketea. Ndege za kuzimia moto zikaja kutoka Italia na Ufaransa, na msafara mrefu wa magari ya wazima moto kutoka Polandi, watu wakisimama kandokando ya njia kuwapungia mikono. Wakulima walichinja ng'ombe kwa kukosa malisho. Sasa ilikuwa zamu ya Waswidi kutuuliza sisi: kwenu mvua ikichelewa mwafanyaje? Ndugu yetu alizunguka kwa wakulima waliomjua, akiwaeleza namna ya kufunika udongo kwa majani makavu na kukata matawi ya miti kwa ajili ya mifugo. Hii ya matawi babu zao waliifanya, wazee wengine wakaikumbuka.

Mvua ilirudi jioni moja ya Agosti. Tulikuwa jikoni. Kulikuwa na harufu ile ya vumbi lililolowa, ambayo hatukuwa tumeisikia tangu Bukavu, na ndugu yetu akaacha chungu motoni akakimbia nje. Tukamfuata. Katika uwanja alikuwako mama mzee wa nyumba ya pili, ambaye kwa miaka miwili hakutuambia zaidi ya "siku njema". Alikuwa amesimama katikati ya nyasi kavu bila kofia wala mwavuli, nywele nyeupe zimemganda kichwani, viganja vimefunguliwa juu. Alipotuona hakuona haya. Akauliza, "Kwenu nako hunukia hivi?" Tukasema, hunukia hivi hivi, mama. Tukasimama pamoja naye mpaka nguo zikalowa zote, na maharage yakaungua.